Kivuli cha Koroboi

Nilikulia Mirongo, mjini Mwanza, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyoupa mto mgongo. Mtu wa mbali akisikia jina la Mto Mirongo hudhani ni mto mkubwa. Wakati wa kiangazi ni mfereji tu, unaoweza kuuruka kwa hatua moja ukiwa kijana na kwa hatua mbili ukiwa mzee. Masika zikifika hujaa maji mekundu yashukayo kutoka milimani, yakakatiza katikati ya mji na kuingia Ziwa Viktoria, yakiwa yamebeba kila kitu ambacho mji hautaki kukiona.

Umeme ulikuwepo mjini, lakini nyumbani kwetu haukuwa umefika. Tulitumia koroboi, taa ile ya kopo na utambi, ambayo mafundi wake ndio walioupa jina mtaa wa Makoroboi unaojulikana na kila mwenyeji wa Mwanza. Baada ya chakula cha jioni bibi yangu aliiweka koroboi juu ya kinu kilichogeuzwa, akakaa kati ya taa na ukuta, akainua mikono. Vidole viwili vikawa masikio ya sungura. Kiganja kikawa mdomo wa fisi. Hadithi zenyewe tulizijua zote, lakini hatukuchoka kuzitazama.

Jambo moja nililiona nikiwa mdogo sana, ingawa sikulielewa hadi nilipokuwa mtu mzima. Fisi alipokuwa na nguvu, bibi alisogeza mkono karibu na mwali, na fisi akajaa ukuta mzima hadi kwenye dari. Fisi alipoaibishwa na sungura, mkono ulirudi nyuma taratibu kuelekea ukutani, na fisi akanywea mpaka akawa mdogo kama panya. Hakuna mtoto aliyeuliza kama kuna fisi mwenye kimo cha nyumba. Tulijua kwamba ukubwa wa kivuli ulikuwa sehemu ya maneno ya bibi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mpwa wangu. Amemaliza kidato cha nne, ana mkono mwepesi wa kuchora, na anataka kujifunza kazi ya kutengeneza katuni zinazotembea, ile ambayo wataalamu wa lugha wameipa jina zuri la uhuishaji. Jioni moja aliniuliza, "Mjomba, hii kazi sisi tumeikuta kwa Wazungu, siyo? Kwetu haina historia." Sikumjibu palepale. Nimefanya kazi ya kuchora mabango na vitabu vya mafunzo kwa zaidi ya miaka 30, na niliona aibu kwamba sikuwa na jibu la kumpa. Kurasa hizi ni jibu nililolitafuta baadaye, na ndani yake limo kosa langu mwenyewe, maana bila kosa hilo nisingelielewa.

Tuanze na usukumani. Kilomita chache kutoka Mwanza mjini, karibu na Kisesa, kuna Bujora, mahali ambapo Padri David Clement wa shirika la White Fathers aliweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950. Kila mwaka, mwezi wa Juni, mavuno yakiwa yamekwisha, hufanyika hapo sikukuu ya Bulabo, na ngoma hushindana. Vyama viwili vikuu vya ngoma ni Bagika na Bagalu, ambavyo kwa mapokeo vilianzishwa na watani na wapinzani wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Utaratibu wao wa kushindana ni mkali kuliko mtihani wowote wa shule. Ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kutembea. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi.

Mchezaji anayejua kwamba mtazamaji anaweza kuondoka wakati wowote hujifunza haraka. Ndiyo sababu Wasukuma walibuni mambo mengi ya kushangaza uwanjani: nyoka hai, wanyama wa kuigiza, na sanamu za mbao zenye viungo vilivyofungwa ili mikono iweze kuchezeshwa. Mbao isiyo na uhai ilisogezwa hadi watu wakacheka, wakaogopa, na wakasahau kwamba ni mbao. Sijui jina jingine la kazi hiyo zaidi ya hilo hilo la uhuishaji.

Halafu kuna Bayeye, chama cha wacheza nyoka. Ndani ya nyumba zao za mafunzo walichora kutani, na vijana walioingizwa chamani walifundishwa mbele ya michoro hiyo. Mchoro mmoja ulikuwa na wimbo wake na hadithi yake, na aliyeujua wimbo aliweza kuusoma ukuta kama wewe unavyousoma ukurasa huu. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika kitabu kizima juu ya michoro hiyo, kikachapishwa London mwaka 1953. Kwa hiyo watu wa kanda hii walikuwa na shule ya kusimulia kwa picha kabla ya mtu yeyote kuwaletea filamu, na mtu wa serikali aliishuhudia kwa macho yake.

Sasa ndugu msomaji, shika jambo hilo mkononi tunapokwenda Usambara.

Mwaka 1935, mahali paitwapo Vugiri katika milima ya Usambara, ulianza mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zake kubwa zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani, na ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni. Wakuu wa kazi walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kufanya kazi ya mkonge katika Afrika Mashariki, na G. C. Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kwa miaka miwili hivi, hadi mwaka 1937, walitengeneza filamu 35 fupi juu ya safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, kahawa, kodi, na benki ya akiba ya posta. Wachezaji walikuwa Waafrika wa jirani. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, ili filamu moja iweze kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Lori lilibeba mashine, likasafiri Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionyesha picha usiku mahali penye uwanja.

Sitaki kuwadharau watu hao. Wazo la kumfundisha mtu kwa picha zenye sura za watu wa kwao, na kwa lugha anayoielewa, lilikuwa wazo jema, na miradi mingi ya leo inalirudia bila kujua lilikotoka. Lakini ndani ya kazi yao, na zaidi ndani ya kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1939, mlikuwa na imani iliyotia sumu kila kitu: kwamba macho ya Mwafrika hayajui kusoma picha. Mkuu wa utengenezaji katika kitengo hicho, William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya huko Nigeria, alishikilia kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, zisiruke kutoka jambo moja hadi jingine, na zisiwe na hila za kamera. Katuni zilikuwa mbali kabisa na mawazo hayo, maana katuni nzima ni hila.

Kulikuwa na kisa kimoja ambacho watu wa filamu za kikoloni walipenda kukisimulia. Wanakijiji, ilisemwa, walionyeshwa mbu aliyekuzwa hadi akajaa pazia. Filamu ilipokwisha walishukuru na kusema kwamba wanawaonea huruma watu wa huko wenye mbu wakubwa namna ile, maana wa kwao ni wadogo tu. Kisa kilipita kutoka kitabu hadi kitabu, kikawa ushahidi wa ujinga wetu. Hata mimi nilifundishwa kisa hicho katika semina, kikielezwa kama onyo la kitaalamu, nami nikakinakili katika daftari bila kukumbuka fisi wa bibi yangu. Wakati huohuo, katika miji ya Tanganyika, watu wa kawaida walikuwa wakilipa senti zao kuingia katika majumba ya sinema kutazama picha za Kihindi na za Kimarekani, zenye kuruka na kukimbia kila namna, wakatoka wakizisimulia barabarani mwanzo hadi mwisho.

Baada ya Uhuru, kanda yetu ilipata nafasi ya kulifanya jambo hili upya. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, katika mikoa ya kandokando ya ziwa. Vitabu vyake vya kusomea vilihusu kazi za watu wenyewe: pamba, ng'ombe, uvuvi, ndizi, na malezi ya nyumbani. Somo lilianza kwa picha. Watu waliitazama, wakaijadili, na kutoka katika majadiliano hayo neno likapatikana, likakatwa silabi, likaandikwa.

Shangazi yangu wa Misungwi alikuwa mwanafunzi wa darasa hilo, nami nikiwa mtoto wa miaka 9 nilimsindikiza wakati wa likizo, nikakaa chini ya mwembe nikisikiliza. Siku moja picha ilikuwa ya mkulima akiwa shambani peke yake katikati ya pamba. Mwalimu aliuliza, "Mnaona nini?" Alitegemea jibu liwe "pamba". Shangazi alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, naona mwanamume anachuma pamba. Mke wake yuko wapi? Mimi sijaona pamba inayochumwa na mwanamume peke yake." Darasa likaangua kicheko, na ikachukua nusu saa nzima kabla ya kufika kwenye silabi. Mwalimu yule alikuwa mtu mwenye busara. Hakumwambia kwamba hajaielewa picha. Alimwacha aigombe.

Ningekuwa nimeitunza picha ile ya mwembeni moyoni, nisingefanya nililofanya mwaka 1997.

Mwishoni mwa mwaka huo zilianza zile mvua kubwa za El Niño, na kipindupindu kilizuka sehemu nyingi za nchi. Mimi nilikuwa mchoraji wa kujitegemea, na ofisi moja, ambayo sina sababu ya kuitaja, iliniita nichore bango la onyo kwa ajili ya mitaa ya mjini. Maelekezo yalikuwa ya mistari mitatu. Nilichora kwa siku mbili. Katikati niliweka meza ya mama muuza uji na maandazi, sahani haijafunikwa, kanga yake chafu, mtoto kando yake akishika tumbo. Juu ya meza nilichora inzi mkubwa kuliko sufuria, mwenye macho mekundu na miguu yenye manyoya. Chini niliandika kwamba uchafu unaua. Niliona fahari. Lilichapishwa, likabandikwa kwenye kuta kuanzia Mlango Mmoja hadi kwetu Mirongo.

Wiki moja baadaye nilitumwa kupita mitaani kuuliza watu wameelewa nini. Mbele ya ukuta mmoja karibu na mto nilikuta kundi la akina mama. Nikawasalimu, "Mwadila, bamayu," wakaitikia vizuri. Nikauliza kuhusu bango. Mmoja wao akalitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Inzi wa namna hii hapa kwetu hatuna, baba. Labda huko ulikotoka." Wenzake wakatazama chini. Nikaandika katika daftari langu, Mungu anisamehe, maneno yaleyale ya semina: watazamaji hawakuielewa picha iliyokuzwa.

Nilikuwa nimekwisha kugeuka kwenda zangu aliponiita mama mwingine, mtu mzima aliyemfahamu marehemu bibi yangu. "Wewe si mjukuu wa fulani?" Nikakubali. "Basi njoo kaa hapa, mwanangu. Unafikiri hatujui inzi aliyechorwa mkubwa?" Nikanyamaza. "Tunajua sana. Bango lako tumelielewa tangu siku ya kwanza. Watoto wa shule wanapita hapa wanamwita mwenzetu Mama Inzi. Ana meza hapa miaka 11. Wiki hii uji wake anaumwaga mtoni."

Nikamwangalia yule wa kwanza, aliyeniambia kuhusu inzi. Kanga yake ilikuwa safi kuliko shati langu.

Mama yule mtu mzima hakunigombeza. Aliniuliza maswali, na kila swali lilikuwa bango. Maji ya bomba yametoka lini mara ya mwisho mtaani hapa? Huyu anaosha vyombo kwa maji ya wapi? Vyoo vya kule juu vikifurika, mvua inavipeleka wapi? Wewe mwenyewe umekulia hapa, mto huu unautoa wapi uchafu, kwenye meza ya uji? "Umechora aliye chini," akasema, "kwa sababu ndiye aliye karibu na karatasi yako."

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Niliomba mabango yatolewe. Baadhi yalitolewa, mengine yaliachwa yaozee ukutani kwa mvua. Nilimwendea mwenye meza nikamwomba radhi. Aliipokea kwa maneno machache, akanipa kikombe cha uji, nikanywa mbele ya wapita njia. Hakurudi kwenye meza yake kwa miezi kadhaa. Hilo sikuweza kulirekebisha kwa kikombe kimoja, na sijawahi kusahau.

Tangu siku ile nimekisoma upya kisa cha mbu wa kikoloni. Sijui ni kijiji gani, wala sikuwepo. Lakini najua namna mtu mwenye adabu anavyomjibu mgeni mwenye mamlaka anayemwambia jambo asilolikubali. Hamwambii, "Umekosea." Humwambia, "Mbu wa namna hii kwetu hatuna." Ni heshima, na ndani ya heshima kuna kisu kidogo. Mgeni akikosa masikio, huandika kwamba mwenyeji amekosa macho. Watu waliokulia kwenye mwanga wa koroboi, waliocheza na sanamu za mbao, waliosoma kuta za Bayeye, wanajua vizuri sana kwamba picha kubwa si mnyama mkubwa. Mara nyingi picha inayosemwa kwamba haikueleweka ni picha iliyoeleweka ikakataliwa.

Hilo ndilo somo la kwanza ambalo ningependa mpwa wangu alipate kabla ya kugusa kompyuta. La pili ni kwamba asijione yatima. Waliomtangulia wapo, tena wengi.

Wapo waliochora magazetini. Katika miaka ya 1960 na 1970, Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru kwa mhusika wake Chakubanga, mtu wa mjini mwenye tamaa nyingi na mfuko mdogo. Baadaye likaja jarida la SANI, lililopata jina lake kutoka kwa waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo. Vijana wa rika langu waliwajua Lodilofa na Ndumilakuwili kuliko walivyowajua mawaziri. Kati ya wachoraji wake alikuwepo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na mkono wake umeonekana katika mikono ya wengi waliomfuata. Katika miaka ya 1990, magazeti yalipoongezeka, kizazi kizima cha wachora katuni kilijitokeza. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kama Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikwenda Nairobi mwaka 1992, na mwaka 2009 akaanzisha kipindi cha televisheni cha XYZ Show, ambamo wanasesere wenye sura za viongozi walisema yale ambayo viongozi wenyewe hawakuyasema. Kila ninapowafikiria wanasesere wale, nawakumbuka wa mbao wa Bagika na Bagalu.

Wapo pia wa mbali. Mjerumani Lotte Reiniger alikata karatasi nyeusi kwa mkasi, akaunganisha viungo kwa waya, akasogeza kidogo kidogo juu ya kioo chenye taa chini yake, akapiga picha moja moja. Filamu yake ndefu ya vivuli, iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, ilitoka mwaka 1926, miaka 11 kabla ya Walt Disney kutoa filamu yake ndefu ya kwanza. Na katika bara letu, Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza filamu ya katuni, La mort de Gandji, mwaka 1965. Angemwona bibi yangu na koroboi yake, naamini wangeelewana bila mkalimani.

Kwetu Tanzania kikwazo kikubwa kilikuwa pa kuonyeshea. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Mtu angeweza kuchora vikaragosi vyake miaka 20 asipate mahali pa kuviona vikitembea. Na palipopatikana mahali, mwenye mali alikuwa mwingine. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama Tinga Tinga Tales, katuni zilizochorwa kwa mtindo uliotokana na Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Studio ilikuwa Nairobi, na kampuni iliyoianzisha kazi hiyo ilikuwa ya Uingereza. Nilifurahi kuona rangi zetu zikitembea. Nilisikitika pia, kwa kuwa jina letu lilifika mbali kuliko mafundi wetu.

Kisha mwezi wa Januari mwaka 2014 kikaanza kurushwa kwenye TBC1 kipindi cha Ubongo Kids, kilichotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, kikifundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Baadaye likaja jingine la watoto wadogo, Akili and Me, la msichana wa miaka 4 aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro. Vipindi hivyo vimevuka mipaka na kutafsiriwa katika lugha nyingine za Afrika. Mpwa wangu alikuwa mtoto vilipoanza. Ndipo nilipotambua kwamba yeye ni wa kizazi cha kwanza hapa kwetu kilichojifunza kuhesabu kwa katuni iliyosema lugha ya nyumbani. Si ajabu kwamba anataka kuijua kazi hiyo kwa ndani.

Nikamweleza basi mambo ya kazi yenyewe, kwa kadiri ninavyoyajua. Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Jicho haliwezi kuzitenga, hivyo huziunganisha likaona mwendo. Mchoraji wa vikaragosi mara nyingi huiacha kila picha ikae mara mbili, kwa hiyo huhitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika moja. Kompyuta imepunguza jasho, maana mkono uliokwisha kuchorwa unaweza kusogezwa bila kuchorwa upya, kama ile sanamu ya mbao yenye viungo. Lakini kompyuta haijui fisi asogezwe karibu na taa wakati gani. Hilo hulijua anayewajua watazamaji wake.

Alinisikiliza, akaondoka. Baada ya mwezi mmoja na nusu alirudi na kazi yake ya kwanza kwenye simu, sekunde 40 tu. Ilianza na mfuko wa plastiki ukielea kwenye Mto Mirongo. Badala ya kuufuata kuelekea ziwani, picha ilirudi nyuma, ikapanda na mto kinyume cha maji, nyumba kwa nyumba, hadi kule juu mfuko ulikoanzia. Sikuwa nimemsimulia habari za mwaka 1997. Nilikaa kimya muda, nikitafuta sauti yangu.

"Umemwonyesha nani?" nikamuuliza.

"Wewe wa kwanza, mjomba."

Nikamwambia mimi si wa kwanza wala si wa mwisho. Nikamtuma kwa akina mama wa kando ya mto, na nikampa sharti moja: asiulize kama wameielewa, aulize kama ni kweli. Alirudi jioni, uso umemshuka. Walikuwa wamembishia nusu saa nzima. Mmoja alisema nyumba ya tatu haina choo upande ule. Mwingine alisema mvua haianzi hivyo, upepo hutangulia kutoka ziwani, na kila mtu wa Mwanza anajua. Wa tatu aliuliza kwa nini watu wote aliowachora wanatupa na hakuna hata mmoja anayeokota, ilhali yeye huzoa taka pale kila Jumamosi. Bibi mmoja alitaka tu kujua mto ulikuwa na rangi hiyo tangu lini.

"Hawakuipenda," mpwa wangu akasema.

Nikamweleza habari za shangazi yangu wa Misungwi chini ya mwembe, na za mama aliyeniambia kwamba inzi wa namna ile kwao hawapo. Watu wasiokujali, nikamwambia, hukupa heshima na kukuacha uende. Hao wamekugombeza. Wamekukubali.

Ameandika marekebisho manne kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza yake. Ameanza na mama anayezoa taka. Anasema mkono wa kuokota ni mgumu kuchora kuliko mkono wa kutupa, kwa sababu lazima kwanza mtu ainame.